Mbao Kavu ya Élie

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijaufikia mlango wa hema lao, Nzabonimpa aliifungua kamba, akailaza chukudu ya mwanawe juu ya gunia, akaanza kuipaka mafuta. Alianza na gurudumu la mbele, akaja kwenye la nyuma, kisha akapanda na kitambaa chake hadi kwenye usukani uliotanuka kama pembe za ng'ombe. Alipomaliza aliisimamisha, akaisukuma hatua tatu mbele na tatu nyuma, akasikiliza. Haikulia hata kidogo. Akaifunga tena kwenye nguzo ya hema kwa fundo lile lile. Miaka miwili ilikuwa inakatika na hakuna mtu aliyeipanda.

Watu wa kambi ya wakimbizi ya Lushebere walikuwa wamekwisha kuzoea. Mwanzoni walimtania kwamba chukudu hiyo inakula mafuta kuliko wajukuu zake, na hawakukosea sana. Chukudu ni chombo cha kazi, baiskeli ya mbao isiyo na pedali wala kiti, na mwenye nayo huipakia viazi au makaa, akaisukuma mlimani na kuiteremkia kwa goti moja hadi mji wa Sake. Kuifunga kamba miaka miwili kama mbuzi wa mahari lilikuwa jambo la kuchekesha. Kisha wakajua ni ya nani, wakaacha kucheka.

Nzabonimpa alikuwa fundi. Kwa miaka thelathini, kwenye kilima chao juu ya Masisi, mtu aliyetaka chukudu isiyomtupa njiani alikwenda kwake, na alikwenda akijua kwamba atangoja. Mzee huyu hakugusa mbao mbichi. Gogo la mkaratusi likishapasuliwa, alikata vipande vya magurudumu, akavipandisha darini juu ya jiko la marehemu mkewe, na huko vilikaa kwenye moshi msimu mzima, tangu maharage kupandwa hadi kuvunwa. Wenye haraka walinung'unika. Wengine walimwambia waziwazi kwamba anaringa. Aliwajibu kwamba mbao mbichi ina maji ndani, na maji yakitoka huacha njia, na njia hiyo ndiyo ufa. Walikwenda kwa mafundi wengine, na mara nyingi walirudi.

Chukudu ya Élie aliikausha misimu miwili. Ilikuwa zawadi ya ndoa kwa mwanawe wa pekee, na hakuwahi kutengeneza nyingine iliyomridhisha kiasi kile. Élie aliiendesha miaka kumi na moja. Siku moja ya kiangazi, kwenye njia ya Sake, watu wenye bunduki waliwasimamisha waendeshaji sita, wakawaamuru waache mizigo yao hapo hapo na kujitwika masanduku ya risasi mgongoni kuelekea misitu ya Walikale. Chukudu ilibaki kando ya njia. Msamaria mmoja aliyeujua mkono wa fundi wake aliisukuma hadi nyumbani kwa Nzabonimpa, ikaja na viazi vyake vyote. Mwenyewe hakuja.

Baada ya wiki tatu alikuja Mbonigaba, mmoja wa wale sita, miguu imevimba na macho hayatulii. Wakati huo vita vilikuwa vimepanda hadi kilimani kwao na familia ilikwisha kukimbilia Lushebere. Mbonigaba aliwatafuta hema hadi hema, akaketi juu ya dumu la maji, akasema alichokuja kusema.

"Papa, Élie alichoka. Mugulu yake ilikuwa imevimba sana. Akakaa chini ya muti, akasema yeye haendelee tena. Siye wakatusukuma mbele. Nyuma yetu nikasikia masasi mbili."

"Ulimuona amekufa?" Nzabonimpa aliuliza.

"Hapana, Papa. Ulikuwa ukigeuka wanakupiga."

"Basi ulimuacha amekaa."

Mbonigaba alimtazama Libérata, mke wa Élie, aliyekuwa amesimama mlangoni pa hema. Kisha akainamisha kichwa. "Ndiyo, Papa. Nilimuacha amekaa."

Tangu siku ile mzee alichukua nusu ya habari na nusu nyingine akaiacha pale pale juu ya dumu. Mtu aliyekaa chini ya mti anaweza kuinuka. Anaweza kuokotwa na wawindaji, akauguzwa katika kijiji fulani ndani ya msitu ambako hakuna simu wala barabara, akafanya kazi ya mikono hadi apate nguvu ya kurudi. Nzabonimpa hakuwa mjinga, na usiku mwingine moyo ulimwambia vingine. Lakini alikuwa na hofu moja iliyozidi hofu zote: kwamba siku atakayosema kwa kinywa chake kuwa Élie amekufa, ndiyo siku Élie atakayokufa.

Libérata aliamini masasi, zile risasi mbili. Alilia siku zake, akamwomba padri amsomee mumewe misa, na Jumapili hiyo akawaosha watoto, akawavika na kwenda nao kanisani. Mkwewe hakwenda. Alibaki hemani akiipaka chukudu mafuta, ingawa haikuwa Jumamosi. Aliporudi, Libérata hakumwuliza neno, na tangu hapo jina la Élie likawa la mzee peke yake. Yeye ndiye aliyelitaja wakati wa kula. "Papa yenu akikuya, atacheka namna hii Plamedi amekuwa murefu." Watoto waliitikia kwa kichwa, wakaendelea kula.

Watoto walikuwa wawili. Niyigena, msichana wa miaka kumi, alikuwa na uso wa baba yake na ukali wa mama yake. Plamedi alikuwa na miaka sita na maswali ya mzee wa baraza. Kabla hajaondoka safari ile, Élie alikuwa amewaahidi motokari ya mbao, ya magurudumu manne, ya kukalia wawili, yenye kamba ya kugeuzia. Mwanzoni waliiulizia kila baada ya siku chache, na kila mara babu yao, waliyemwita Tate, aliwajibu kwamba baba yao atakuja kuitengeneza mwenyewe. Kisha waliacha kuiulizia. Wakaacha pia kuuliza habari za baba yao.

Hilo lilimwuma Nzabonimpa kuliko maneno ya Mbonigaba. Aliona wanamsahau. Aliwatazama wakikimbia nyuma ya watoto wengine waliokuwa na vigari vya mabati na visoda, akajiambia kwamba mtoto akikosa cha kushika, baba humtoka mikononi. Ndipo akaamua kuanza kazi, na ili kuianza alisema uongo. Hakuupanga. Ulimtoka tu, jioni moja ya mvua, wote wanne wakiwa wameketi karibu na jiko.

"Papa yenu alituma habari," alisema. "Kuna muntu alitoka njia ya Walikale. Alisema nianze motokari, yeye atakuya kuimaliza."

Niyigena alimtazama mdogo wake. Plamedi alimtazama dada yake. Libérata aliinuka, akatoka nje kwenye mvua bila kujifunika.

"Ni muzuri, Tate," Niyigena alisema mwishowe.

Mzee alifurahi. Alidhani ameona tumaini likiwaka.

Kazi ilihitaji mbao, na mbao zake zote zilibaki darini kwenye nyumba ambamo sasa walilala watu asiowajua. Parokia ilimpa gogo la mkaratusi kwa kuwa alikuwa amewatengenezea mabenchi. Lilikuwa limeangushwa wiki iliyopita. Alipoweka msumeno, unga uliotoka ulimnata vidoleni.

Libérata aliona. Mtoto wa mkulima hahitaji kufundishwa mti mbichi. Alingoja watoto waende kuteka maji, akaja akasimama mbele ya mkwewe akiwa ameshika mikono nyuma, kwa adabu.

"Papa, ile mbao iko mubichi."

"Najua."

"Mbao kavu iko hapa." Hakuielekeza kidole. Alikiinua kidevu kidogo tu kuelekea nguzo ya hema. "Watoto ni wa mwenyewe chukudu. Hatakasirika."

"Ile haiko yangu ya kukata, Mama Niyigena. Iko na mwenyewe."

"Mwenyewe iko wapi, Papa?"

Lilikuwa swali la kwanza la namna hiyo katika miaka miwili. Lilisemwa taratibu, bila hasira, na kwa sababu hiyo halikumwachia mahali pa kujifichia. Nzabonimpa alichukua tezo, akaanza kuchonga. Alichonga kwa nguvu hadi vibanzi vikamrukia miguuni, na alipoinua kichwa mkwewe alikuwa amekwisha kuondoka.

Alijaribu kuidanganya mbao. Alivitundika vile vipande vinne vya duara juu ya mafiga ya Libérata na pia ya jirani yao Anastasie, muuguzi wa kituo cha afya, ambaye alilalamika kwamba uji wake unanukia mkaratusi. Alivikausha siku tisa. Msimu mzima kwa siku tisa! Kijana fulani angemletea kazi ya namna ile enzi zake, angemfukuza karakanani. Siku ya kumi aliviteremsha, akavilainisha kwa randa, akavitoboa katikati. Gurudumu la tatu lilikuwa na ufa. Ulikuwa mwembamba mno, ulianzia kwenye tundu na kwenda hadi nusu ya njia ya ukingo. Aliupitisha ukucha, ukucha ukanasa.

Alikaa na gurudumu lile mapajani kwa muda mrefu. Gogo lilikuwa limekwisha. Nyuma yake, kwenye nguzo, palikuwa na mbao iliyokauka misimu miwili, ikapigwa na jua na mvua miaka kumi na moja na haikupasuka. Hakugeuka kuitazama. Alikata mpira wa tairi kuukuu, akauzungusha kwenye gurudumu, akaupigilia misumari. Kwa kuwa ufa ulikuwa bado unaonekana upande mmoja, akaupaka mafuta na masizi, na upande huo akauelekeza ndani.

Jumapili baada ya misa waliipeleka motokari kwenye mteremko unaotoka kanisani kwenda kwenye barabara ya chini. Watoto wa kambi walijaa kandokando. Mara ya kwanza Niyigena alishuka peke yake, akageuza vizuri mbele ya kisima, akasimama. Mara ya pili alishuka akicheka kwa sauti, na Nzabonimpa, aliyesimama juu, aliisikia sauti hiyo kwa mara ya kwanza tangu watoke kilimani. Akasahau ufa. Nasema kweli, aliusahau. Plamedi alikuwa analia akitaka zamu yake, na Niyigena akasema ashuke mara moja tena tu, kisha atamwachia.

Gurudumu lilipasuka kwenye kona. Nzabonimpa aliliona likifunguka vipande viwili kabla hajausikia mlio wake. Motokari ilijikunja, ikamrusha msichana kwenye mawe ya ukingo wa barabara.

Anastasie ndiye aliyemshughulikia. Mfupa wa mkono wa kushoto ulikuwa umevunjika chini ya kiwiko. Aliunyoosha, akaufunga kati ya vibao viwili, akasema kwamba kama kingekuwa kichwa, wangekuwa wanazungumza mambo mengine. Libérata alimshikilia bintiye mabega. Nzabonimpa alisimama mlangoni pa kituo, kofia mkononi, akishindwa kuingia na kushindwa kwenda.

"Ni mimi nilikata kona mubaya, Tate," Niyigena alimwambia walipokuwa wanarudi. "Gurudumu haina kosa."

Mzee alikuwa amekiokota kipande kimoja cha lile gurudumu, kiko mfukoni mwa koti lake, na kila alipopiga hatua kilimgonga nyongani. Alijua mahali lilipopasukia. Masizi yake yalikuwa bado yapo.

Asubuhi yake, Libérata alipotoka kuwasha moto, alimkuta mkwewe ameifungua kamba. Haikuwa Jumamosi, na hapakuwa na mafuta. Chukudu ilikuwa imelazwa juu ya gunia, magurudumu yamekwisha kutolewa, na mzee alikuwa amepiga magoti akiwa na msumeno mkononi. Alikuwa ameweka alama kwa mkaa katikati ya ubao mrefu wa mgongo, pale mizigo ilipolazwa, mahali palipong'aa kwa kusuguliwa na magunia na goti la Élie. Msumeno ulikuwa juu ya alama. Haukuwa umesogea.

Libérata aliweka chini kuni zake. Akaja upande wa pili, akachuchumaa, akakamata ubao kwa mikono miwili.

"Mimi nitashikilia, Papa," alisema. "Kata polepole."

"Niliona ufa," mzee alisema. Hakuinua macho. "Niliuona kabla ya kupiga mupira. Nikaufunika."

"Najua."

"Unajua vipi?"

"Miaka kumi na tatu niko kwenu, Papa. Gurudumu yenu haipasukake." Alikaza mikono juu ya ubao. "Kata, watoto wasiamuke mbele ya kumaliza."

Akakata. Mbao ile ilikuwa ngumu, na msumeno ulilia njia nzima. Unga wake ulikuwa mkavu na mwepesi, ulipeperuka kwa pumzi zao tu, ukamwangukia Libérata kwenye khanga na kwenye nyusi. Kipande kiliachana na kingine. Libérata alikiegemeza kichwa chake kwenye ubao, mara moja, kama mtu anayetaka kusikia kitu ndani yake, kisha akaenda kuwasha moto.

Kazi ilichukua siku tano, na hakuna kilichopotea. Magurudumu mawili ya chukudu yakawa ya nyuma. Ubao wa mgongo ulitoa mawili madogo ya mbele, na uliobaki ukawa kiti cha kutosha watoto wawili. Usukani ulikuwa mpana mno, akaupunguza ukawa wa kuegemeza miguu. Siku hizo tano Nzabonimpa hakulitaja jina la mwanawe wakati wa kula hata mara moja, na ukimya ule uliwakalia wote kama mgeni asiyejulikana atalala wapi. Mara mbili alimkuta Niyigena akimchungulia usoni, na mara mbili msichana aliyageuza macho upesi.

Jumapili walirudi kwenye mteremko ule ule. Safari hii Libérata alikuja, akasimama mbali kidogo pamoja na Anastasie. Niyigena, mkono ukiwa bado kwenye vibao, aliketi nyuma. Plamedi aliketi mbele, kamba mikononi, akiwa amekaza uso kwa heshima ya kazi aliyopewa. Nzabonimpa alitakiwa tu kusukuma. Mikono yake ilikuwa tayari juu ya kiti, pale ambapo mbao ilikuwa bado inang'aa.

Hakusukuma. Alizunguka akaja mbele yao, akachuchumaa barabarani. Siku tano alikuwa ameyatafuta maneno ya kuwaambia watoto na hakupata yaliyo laini, kwa hiyo alichukua yaliyokuwepo.

"Sikilizeni," alisema. "Papa yenu hakutuma habari. Ni mimi niliwadanganya. Hatakuya kumaliza hii motokari. Hatakuya tena." Alishika mbao ya kuegemeza miguu. "Alikufa. Kule kwa njia ya Walikale, ile mwaka walimukamata. Papa yenu Élie alikufa."

Alisubiri kilio. Alikuwa amejiandaa kwa kilio, ameandaa na mikono ya kuwapokelea.

"Tunajua, Tate," Niyigena alisema.

"Munajua nini?"

"Kwamba alikufa. Mama alituambiaka zamani, ile siku ya misa." Msichana alikuwa anazungumza taratibu, akimwangalia kama vile yeye ndiye aliyeanguka kwenye mawe. "Alisema tusikuambie. Alisema weye uko ungali unamungojea."

"Mimi nilitaka kukuambia," Plamedi alisema. "Niyigena alinifinya."

Nzabonimpa aliwatazama. Vikamjia vyote kwa pamoja: vichwa vilivyoitikia wakati wa kula, jioni ya mvua na macho ya ndugu wawili yakikutana juu ya jiko, maswali yaliyokoma tangu misa ile. Watoto wa miaka minane na minne walikuwa wamepewa mzigo huo, na waliubeba mbele yake kila siku, sahani mkononi, bila kuumwaga. Alikaa chini kabisa katikati ya barabara, mbele ya watu waliokuwa wanatoka kanisani, na akamlilia mwanawe kwa sauti.

Waliokuwa wanapita walipunguza mwendo, wakaona ni nani, wakazunguka. Libérata alianza kuja, kisha akasimama alipofika nusu ya njia na kuacha machozi yake yateremke bila kuyafuta. Niyigena aliinama mbele kutoka kwenye kiti, akamwekea babu yake mkono mzima begani.

Plamedi alikuwa bado ameshika kamba. Mteremko ulikuwa mtupu mbele yake hadi kisimani. Aliutazama, akamtazama mzee, akaegemeza mgongo kwa dada yake.

"Maliza tu kulia, Tate," alisema. "Tutakungojea."